Msimamizi Aripoti Kazini

Katika idara yetu hakuna kitu kinachofanyika gizani. Hilo nalisema kifua mbele. Sisi ndio tunaopanga kompyuta za shule zote za serikali katika wilaya hii, sisi ndio tunaozitengeneza zikigoma, na mtu akibonyeza kitufe kimoja tu, iwe kuongeza, kuhamisha au kufuta, mfumo unaandika jina lake hapo hapo. Ukitaka kumjua aliyefanya, vuta kiti ukae, tutakuonyesha.

Jina ambalo mfumo ulikuwa ukiandika ni Msimamizi.

Ndiyo, siku zote. Kila mfanyakazi alipoajiriwa alipewa akaunti yake, yenye jina lake na neno lake la siri, lakini akaunti hizo hazikuwa na ruhusa ya maana. Ukitaka hata kurekebisha saa ya printa ilibidi uombe, usubiri, ukumbushe, uombe upya. Akaunti ya Msimamizi ilifungua kila mlango. Neno lake la siri lilibandikwa kwa solotepu chini ya kibodi ya chumba cha seva, na solotepu ilipochakaa tulibandika nyingine juu yake. Basi tukawa Msimamizi sote, kwa zamu. Bosi, mkuu wa idara, alikuwa Msimamizi akipitisha mpango wa mwaka. Mama Stoo, mtunza vifaa, alikuwa Msimamizi akiitoa projekta kwa ajili ya matengenezo, na matengenezo hayo yalifanyika kwenye sherehe za ukoo wake kila Jumamosi. Waya, fundi wa mtandao, alikuwa Msimamizi akisoma barua pepe za watu. Mtandao lazima ukaguliwe, alisema. Dada wa mapokezi alikuwa Msimamizi akiangalia tamthilia. Mimi, fundi wa msaada, ninayepokea simu za walimu na kuwaambia wazime kisha wawashe, nilikuwa Msimamizi kwa kazi tu.

Jumatatu moja, chai ikiwa bado ya moto, Msimamizi akaripoti kazini.

Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na suruali iliyomkaa vizuri. Alimsalimia dada wa mapokezi, akapita moja kwa moja hadi kwenye meza iliyo karibu na mashine ya kudurufu, ile ambayo haijawahi kuwa na mtu, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaketi. Dada wa mapokezi alimtengenezea kitambulisho. Penye jina aliandika Msimamizi. Penye tarehe ya kuanza kazi aliacha wazi, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba ameanza zamani.

"Umechelewa," Bosi alimwambia akipita na kikombe chake.

"Nimechelewa vipi, Bosi, na kazi zote nimeshamaliza?"

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi niliona ni jibu zuri.

Kuja kwake hakukumsumbua mtu. Kazi ilikuwa nyingi na meza ilikuwepo. Kilichosumbua ni umbo lake, na hata hilo hatukuligundua siku ya kwanza. Mama Stoo ndiye aliyeanza. Alikuwa akimpa karatasi za printa, akauona mkono wa kushoto ukinyooshwa kuzipokea, akasimama hapo kama mtu aliyekuta nguo yake kwenye kamba ya jirani. Ulikuwa mkono wake, Mama Stoo. Alama ya kuungua na pasi ilikuwa pale pale, na ile kucha ya kidole kidogo anayoiacha iwe ndefu. Aliachia zile karatasi, akarudi stoo, akajifungia.

Baada ya hapo kila mtu akaanza kutafuta chake. Masikio yalikuwa ya Waya, moja limelala na jingine limesimama kana kwamba linasikiliza mlango. Kope zilikuwa za dada wa mapokezi, ndefu, zenye usingizi wa tamthilia. Mkono wa kulia ulikuwa mnene na mweupe kwenye kidole ambacho pete imekaa miaka mingi. Hakuna aliyeutaja huo kwa sauti, lakini tangu siku hiyo Bosi alianza kunywa chai kwa mkono wa kushoto, akijimwagia.

Mimi nilimkagua Msimamizi kwa siri kuanzia utosini hadi visigino. Pua si yangu. Magoti si yangu. Hata vidole vya miguu nilivitazama siku alipovua viatu mvua ilipomlowanisha. Sikuona hata unywele wangu mmoja, na nililisema hilo ofisini wazi, ili watu wapate mfano wa kuigwa.

Ofisi ikawa ngumu. Watu walitembea na mikono mfukoni. Waya alianza kuvaa kofia ya baridi wakati wa joto, ameishusha mpaka shingoni. Mama Stoo alifunga bandeji mkono mzima, akasema ni mishipa. Dada wa mapokezi alinunua miwani ya jua, akawa anapokea wageni kama askari wa doria. Ukiingia chumba cha seva ulimkuta mwenzako ameshaingia, anatazama chini ya kibodi. Ukimuuliza anatafuta nini, anasema hata yeye anataka kukuuliza. Msimamizi peke yake ndiye aliyekuwa na amani. Alifanya kazi yake, alimwita kila mtu ndugu yangu, na mchana alikula peke yake kwa mikono miwili isiyofanana.

Alhamisi ya wiki ile ile akaja mwalimu mkuu wa shule ya bondeni.

Huyu ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mstari wa asubuhi. Shule yake iko chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo gari letu la idara husimama juu, na mzigo unashushwa begani. Darasa lake la mwisho lilisajiliwa kufanya somo la kompyuta kwenye mtihani, na katika mpango wa mwaka shule yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kupewa chumba cha kompyuta. Mkaguzi angepita kabla muhula haujaisha. Asipokikuta chumba chenye mashine zinazowaka, somo linaondolewa, na watoto walioliweka kama tegemeo lao la kuendelea mbele wanabaki na pengo kwenye cheti. Hayo yote tuliyajua. Tuliyapanga sisi.

Aliingia na boksi la biskuti lililokatwa likawa bapa. Juu yake palichorwa kibodi kwa kalamu ya wino, herufi zote, hadi vile vitufe vya pembeni ambavyo mtu mzima havigusi. Pembeni ya ile kibodi kipande cha sabuni ya kufulia kilikuwa kimefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu," tukasema.

"Marahaba. Hii ndiyo maabara yangu." Aliweka boksi mezani. "Hii sabuni ndiyo kipanya. Wameshaimaliza mbili, hii ya tatu. Nani ameifuta shule yangu kwenye mpango?"

Msimamizi alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi, Mwalimu."

"Wewe ni nani?"

"Msimamizi."

Mwalimu mkuu alimtazama. Alianza na mikono, akapanda kwenye masikio, akakaa kidogo kwenye kope. Kisha akatuzungukia sisi mmoja mmoja, taratibu, vile anavyokagua sare: bandeji, kofia, miwani, kikombe katika mkono wa kushoto wa Bosi.

"Naona," akasema. "Na kwa nini uliifuta, baba?"

"Kwa nini ndiyo sijui. Mimi sababu sipewi. Napewa vidole tu."

"Hebu kumbuka."

Msimamizi alifumba macho. Hakuwa mtu wa kukataa anachoombwa. "Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Mpango uko mbele yangu, shule yako iko juu kabisa. Kulikuwa na mtu mmoja tu chumbani, anajiongelesha. Mdomo ukasema, 'Sasa nani ateremke kule na waya begani? Si mimi, labda wampe punda.' Kisha ikafutwa. Kisha tukaenda kula."

Macho yalitawanyika kutafuta pa kutua, na mengine, sijui kwa nini, yalinipitia mimi. Ili kuyasaidia, nikamgeukia Waya.

"Usiniangalie, dogo," Waya akasema, kofia ikimtoa jasho. "Bondeni ndiko kwa wakwe zangu. Ningeshuka kila siku nikale bure."

"Mimi nimekuangalia tu. Huruhusiwi kuangaliwa?"

"Angalia kwingine."

Mwalimu mkuu hakumtazama Waya. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo upande wangu, kama mtu aliyesikia redio chumba cha pili, kisha akarudi kwa Msimamizi. "Na nafasi yangu ilipofutwa, ilikwenda wapi?"

"Hilo nalikumbuka vizuri zaidi." Msimamizi aliinua mkono wa kulia, ule mnene, akaufungua kiganja juu. "Ilikaa tupu mpaka kesho yake. Kesho yake huu ukaandika shule ya pale mtaa wa wakubwa."

Shule hiyo ina ukuta mzuri. Watoto wa Bosi wanasoma hapo, wawili, na inasemekana wana bidii. Bosi alishusha mkono wake wa kulia chini ya meza.

"Mfumo hujaza nafasi tupu wenyewe," alisema.

"Basi urudishe wenyewe," mwalimu mkuu akasema. "Au huyu kijana airudishe. Niko hapa, nasubiri."

Msimamizi alikubali bila ubishi. Alivuta kiti, akafungua mpango wa mwaka, tukamzunguka. Mkono wa kulia ulifika kwenye kibodi ukalala kifudifudi, mzito, haukusogea. Alijaribu kwa wa kushoto. Mkono wa kushoto ulifika kwenye herufi ya kwanza, na hapo ule wa kulia ukaamka, ukaushika kifundo, ukaubana juu ya meza. Ilibaki hivyo, mikono miwili ya mtu mmoja. Mama Stoo alianza kujikanda bandeji.

"Haukubali, Mwalimu," Msimamizi akasema. "Nimejaribu. Ungekuwa punda ningeuchapa."

"Isitoshe," Bosi akasema, "zile kompyuta zimeshafungwa mezani kwa skrubu."

"Skrubu zinafunguliwa."

"Zinafunguliwa kwa kibali."

"Kibali anatoa nani?"

Tulitazamana. Swali lilikuwa la kawaida, na jibu lake lilikuwa limeketi katikati yetu, linajishika mkono.

"Msimamizi," dada wa mapokezi akasema hatimaye, na akapandisha miwani yake.

Mwalimu mkuu alichukua boksi lake, akalipangusa kwa upindo wa nguo ingawa halikuwa na vumbi. "Wale watoto wanaandika bila kuona wanachoandika," alisema. "Wanabonyeza karatasi, wananiuliza, Mwalimu, imetokea? Nawaambia imetokea. Nitaendelea kuwaambia mpaka lini?"

Bosi alisema jambo lake litashughulikiwa, na kwa kweli lilishughulikiwa mchana ule ule. Kulikuwa na kosa, na kulikuwa na mtu aliyekiri mbele ya mashahidi. Idara nyingi hutafuta vitu hivyo viwili miezi mizima bila kuvipata. Msimamizi aliandikiwa onyo kali kwa kufuta shule bila idhini. Aliulizwa kama ana la kujitetea. Alisema analo, ila hajui ni la nani. Akahamishiwa shule ya bondeni kuwa mwalimu wa kompyuta, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na upungufu.

"Mwalimu nampokea," mwalimu mkuu alisema alipopigiwa simu. "Sijawahi kukataa mwalimu. Lakini sikuja kwenu kuomba mtu."

Msimamizi aliaga vizuri. Alimpa kila mtu mkono, na watu walipokea kwa uangalifu, wengine kwa kiwiko. Alipotoka mlangoni kofia ya Waya ilivuliwa, bandeji ikafunguliwa, miwani ikaingia kwenye droo. Bosi alihamishia kikombe mkono wa kulia. Ofisi ikarudi kuwa na kelele zake, mtu akasimulia kisa cha printa iliyomeza cheti cha mwalimu, na tukacheka wote.

Kulikuwa na tatizo dogo kwamba bila Msimamizi hakuna kitu kilichofunguka. Waya alitengeneza akaunti mpya, akaiita Msimamizi wa Pili. Kila mtu alikubaliana kwamba safari hii neno la siri litunzwe vizuri. Likabandikwa juu ya kibodi badala ya chini, ili mtu asiligeuze geuze na kulichakaza.

Mwisho wa muhula ikagundulika kwamba Msimamizi aliondoka na ufunguo wa akiba wa chumba cha seva. Bosi akanituma mimi. Nilitoa sababu za kutosha, moja ya mguu na nyingine ya familia, lakini siku hiyo alikuwa haelewi mafumbo. Gari likanishusha juu ya mteremko. Nikateremka. Na kwa kuwa nasema mambo yalivyo, mteremko wenyewe si mrefu kiasi hicho. Wasichana wawili wenye ndoo za maji walinipita wakicheka, wakafika kabla yangu.

Darasa la mwisho lilikuwa upande wa mbali wa uwanja, madirisha wazi. Nilichungulia. Kila mwanafunzi alikuwa na boksi lake mbele, na kipande cha sabuni mkono wa kulia, na wote walikuwa wamefumba macho. Ndivyo wanavyofundisha wataalamu, unajua. Mtu anaandika bila kuangalia vidole. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Msimamizi hakuwepo. Nilimwona kwa mbali kwenye bomba, anaosha mikono, mmoja unausaidia mwingine, inaonekana kuelewana.

Nikaona niwachangamshe. Nikasimama mlangoni.

"Hodi humu ndani. Mbona mmelala na jua bado liko kichwani?"

Vidole vikaanza. Darasa zima, kwa pamoja, wakaanza kugonga maboksi, sauti ndogo kama mvua inayoanza juu ya majani. Hakuna aliyefumbua macho. Msichana wa mstari wa mbele alimaliza, akainua uso kuelekea niliposimama.

"Msimamizi, mwisho tuweke kiulizo?"

"Mimi siye Msimamizi," nikasema.

Wakaandika hivyo.

"Ameenda haraka," mvulana mmoja akalalamika. "Msimamizi, rudia kuanzia 'mimi siye'."

Nilimtazama mwalimu mkuu aje anisaidie. Alikuwa anakuja, lakini bila haraka, anapita kati ya madawati na kuangalia vidole vya huyu na yule, anamsogezea mmoja boksi lililokuwa limekaa upande.

"Karibu, kijana," akasema. "Umeteremka."

"Nimefuata ufunguo tu, Mama. Chumba cha seva."

Nyuma yake vidole vilikuwa vinaandika chumba cha seva.

"Mkaguzi alikuja juzi," alisema. "Alisimama hapo hapo uliposimama. Akayatazama maboksi, akaisifu michoro, somo akaliondoa. Hawa nimewaambia. Wamesema wataendelea mpaka shule ifungwe, wameshazoea sauti." Alisimama mbele yangu. "Siku ile kwenye ofisi yenu ulipojibizana na Waya nilidhani masikio yangu yamechoka. Wenzako sauti hiyo wanaijua zamani. Niliwapigia simu mmoja mmoja, na hakuna aliyenikatalia. Ila kila mmoja ana kiungo chake pale, angeanza vipi kusema cha mwingine?"

"Mama, sauti zinafanana. Duniani watu ni wengi."

Maboksi yakagongwa. Msichana wa mbele aliuliza kama duniani ianze kwa herufi kubwa, na mwalimu mkuu akamjibu kwamba ndiyo, ni mwanzo wa sentensi.

"Endelea," akaniambia. "Wanakuandika. Wape ile ya waya begani, hiyo wanaijua, Msimamizi huwa anawapa kila Ijumaa. Tuone kama wataikosea."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri kabisa, fupi, lingemchekesha hata yeye. Nikafungua mdomo, na vidole vya darasa zima vikainuka juu ya maboksi, vikasubiri.